Kiyoyozi cha kasi moja, cha inveta au cha mtumba: kipi kinafaa mfuko wako katika joto la pwani?

Anayenunua kiyoyozi cha ukutani Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa ana gharama mbili za kupima, na dukani hutajiwa moja tu. Ya kwanza ni bei ya kifaa, ambayo muuzaji huitaja papo hapo. Ya pili ni gharama ya kukiwasha usiku baada ya usiku kwa miaka minane au kumi, ambayo haiandikwi kwenye sanduku, ingawa kwa mtu anayelala na kiyoyozi kila siku ndiyo inayokula fedha nyingi zaidi. Ulinganisho huu unahusu aina tatu ambazo mnunuzi wa pwani hukutana nazo: kiyoyozi kipya cha kasi moja, yaani kile ambacho kompresa yake ama inazunguka kwa nguvu zote ama imezima kabisa, kiyoyozi kipya cha inveta, ambacho kompresa yake hupunguza na kuongeza kasi kulingana na joto la chumba, na kiyoyozi cha mtumba kilichong'olewa Ghuba, Ulaya au kwenye jengo la hapa hapa.

Vigezo vinavyotumika

Kila aina inapimwa kwa mambo yale yale: umeme kinaoutumia katika matumizi ya kawaida ya nyumbani, fedha, yaani bei ya kuanzia, namna ya kulipa na unafuu wowote unaoweza kupatikana, gesi, matengenezo na uvumilivu wake mbele ya umeme unaopanda na kushuka na hewa ya chumvi, na hatimaye mtu ambaye kinamfaa.

Ili hesabu zilingane, nimechukua chumba kimoja cha kulala chenye kiyoyozi cha BTU 12,000, sawa na takriban kilowati 3.5 za kupoza, kinachowashwa saa nane kila usiku na kufanya kazi kwa wastani wa asilimia 60 ya uwezo wake. Hizi ni hesabu za mfano. Mwenye chumba chenye bati lisilo na dari, au dirisha kubwa linaloelekea magharibi, aongeze. Mwenye chumba cha ghorofa ya chini chenye kivuli cha mwembe apunguze.

Unafuu wa kifedha uko wapi hasa?

Katika nchi nyingine serikali humsaidia mnunuzi moja kwa moja. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 2022 ilimruhusu mwenye nyumba kupunguziwa kodi ya mapato kwa asilimia 30 ya gharama, hadi dola 2,000 kwa mwaka, akifunga mashine yenye ufanisi wa juu inayopoza na kupasha joto, zikiwemo zile za ukutani. Unafuu huo ulikoma kwa mashine zilizofungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025, kwa hiyo ndugu walioko huko wanaosimuliana habari zake wazingatie tarehe na waulize kama jimbo lao au kampuni yao ya umeme bado ina punguzo lake.

Mkazi wa Dar es Salaam hana fomu ya namna hiyo ya kujaza. Unafuu wake, kwa maoni yangu, umejificha ndani ya bei ya umeme yenyewe, na ndiyo maana watu wengi hawauoni. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji Tanzania, mteja wa TANESCO wa daraja la D1, yaani la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti (kilowati-saa moja) hadi uniti 75 kwa mwezi, na uniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Mteja wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi na tozo hufika karibu shilingi 357. Ndiyo sababu ya ile hesabu iliyozoeleka ya kununua umeme wa shilingi 10,000 na kupata uniti 28, kabla ya makato ya kodi ya jengo.

Sasa tazama kinachotokea kiyoyozi kinapoingia. Familia iliyokuwa ikitumia uniti 60 kwa mwezi ilikuwa inalipa kama shilingi 7,300. Ikifunga kiyoyozi kinachokula uniti 112, matumizi yanakuwa 172, familia inavuka mpaka wa D1 na hatimaye kuhamishiwa T1, na kuanzia hapo hata zile uniti 60 za taa, friji na pasi zinalipiwa kwa bei ya juu. Bili inapanda hadi kama shilingi 61,400. Gharama halisi ya kiyoyozi, basi, ni shilingi 54,000 na zaidi kidogo, ingawa uniti zake zenyewe ni za shilingi 40,000. Hakuna aina yoyote kati ya hizi tatu itakayoizuia familia hiyo kuvuka mpaka ikiwa kiyoyozi kinawashwa kila usiku; tofauti ni kiasi kitakacholipwa baada ya kuvuka.

Kenya ina ngazi zinazofanana na hizo. Tangu Aprili 2023, wateja wa majumbani wamegawanywa katika makundi matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa uniti 31 hadi 100, na wanaozidi 100, na kila kundi hulipa zaidi ya lililo chini yake. Kiyoyozi kimoja cha chumba cha kulala kinachowashwa kila usiku kinatosha kumpeleka mkazi wa Nyali au Likoni kwenye kundi la juu peke yake, bila kuhesabu friji.

Kiyoyozi kipya cha kasi moja

*Umeme.* Chenye EER ya 2.8, kiwango cha kawaida kwa mashine za bei ya chini, huvuta takriban wati 1,250 kompresa inapozunguka. EER ni uwiano wa ubaridi unaotolewa na umeme unaotumika, kwa hiyo namba kubwa ndiyo nzuri. Kwa chumba chetu cha mfano, hiyo ni uniti 6 kwa usiku na 180 kwa mwezi, au shilingi 64,000 na ushee kwa bei ya T1. Kila kompresa inapowaka upya huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi, jambo ambalo wenye jenereta ndogo au mfumo wa sola hulihisi haraka.

*Fedha.* Ndicho rahisi zaidi kununua kipya kwa fedha taslimu, na hakimlazimishi mtu kuingia mkopo. Ni faida ya kweli kwa mwenye bajeti finyu. Lakini sehemu ya viyoyozi vinavyoletwa katika masoko yetu ni vya ufanisi duni hata kwa kipimo cha aina hii: ripoti ya mwaka 2020 ya taasisi za CLASP na IGSD, iliyochunguza nchi kumi za Afrika zikiwemo Tanzania na Kenya, ilikuta kwamba takriban asilimia 35 ya viyoyozi vya vyumba vilivyouzwa vilikuwa na EER iliyo chini ya 3.0. Kwa hiyo hata anayeamua kununua cha kasi moja ana sababu ya kuuliza namba. Cha EER 3.2 kinamwokoa uniti 22 kwa mwezi dhidi ya cha 2.8 katika mfano wetu, na mara nyingine tofauti ya bei dukani ni ndogo.

*Gesi na matengenezo.* Hapa ndipo kinapong'ara. Kadi yake ya umeme, yaani bodi ya saketi inayokiendesha, ni nyepesi, fundi yeyote mzoefu wa mtaani anakijua, na kapasita ikiungua hubadilishwa kwa bei ndogo. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka mara kwa mara, hasara yake huwa ndogo, ingawa nacho kinahitaji kifaa cha kukilinda dhidi ya volti mbaya.

*Kinamfaa nani.* Anayewasha kiyoyozi kwa saa chache tu: chumba cha wageni, ofisi ya saa mbili za mikutano, sebule inayopozwa siku za sikukuu. Kinafaa pia mahali ambapo mlango haufungwi, kwa sababu itakayoelezwa chini.

Kiyoyozi kipya cha inveta

*Umeme.* Kwenye sanduku, inveta nyingi za bei ya kati huonyesha EER isiyopishana sana na ile ya kasi moja nzuri, na wanunuzi makini hujiuliza unafuu unaosifiwa uko wapi. Uko kwenye kufanya kazi nusunusu. Chumba kikishapoa, kompresa hushuka kasi na kubaki ikizunguka taratibu badala ya kuzima na kuwaka, na katika kasi hiyo ya chini kila uniti ya umeme hutoa ubaridi mwingi zaidi. Ndiyo maana kipimo cha haki kwa inveta ni kile cha msimu mzima, SEER au vipimo vya jamii yake. Nikichukua wastani wa 4.5, chumba chetu kinahitaji uniti 3.7 kwa usiku, yaani 112 kwa mwezi au shilingi 40,000 hivi. Tofauti na kile cha EER 2.8 ni kama shilingi 24,000 kwa mwezi.

Faida hiyo ina masharti. Inveta ndogo iliyofungwa kwenye chumba kikubwa, au kwenye duka ambalo mlango wake uko wazi toka asubuhi, haipati kamwe nafasi ya kushusha kasi. Inazunguka kwa nguvu zote kutwa nzima, na unafuu wake mwingi unapotea. Vivyo hivyo kwa anayeishusha rimoti hadi nyuzi 16 akidhani chumba kitapoa upesi zaidi. Wauzaji wachache husema haya.

*Fedha.* Bei yake ya kuanzia ni kubwa. Tuseme tofauti na cha kasi moja ni shilingi 300,000: inarudi baada ya miezi kumi na miwili hivi ya matumizi, ambayo kwa anayezima kiyoyozi wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ni kama mwaka na robo. Baada ya hapo ni akiba. Lakini namna ya kulipa inaweza kuiharibu hesabu yote. Duka likikuuzia kwa awamu na kuongeza shilingi 200,000 juu ya bei ya taslimu, tofauti inakuwa 500,000 na muda wa kuirudisha unakaribia miezi ishirini na moja ya matumizi. Mkopo wa SACCOS ya kazini, wenye riba inayojulikana na makato ya mshahara, mara nyingi huwa nafuu kuliko lipa mdogo mdogo ya dukani. Linganisha jumla utakayolipa hadi mwisho, usiangalie awamu ya mwezi peke yake.

*Gesi na matengenezo.* Nyingi za sasa hutumia gesi ya R32, na baadhi bado R410A. R32 ina uwezo wa kuongeza joto la dunia wa takriban mara 675 ya hewa ya ukaa, wakati R410A ni karibu 2,088, na marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 kwenye Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, yanazielekeza nchi kuzipunguza gesi za aina hii hatua kwa hatua. Kwa mwenye nyumba, jambo la karibu zaidi ni kwamba R32 inaweza kushika moto katika mazingira fulani, kwa hiyo mabomba lazima yavutwe hewa kwa pampu ya vakyumu wakati wa kufunga. Fundi anayesukuma hewa nje kwa gesi yenyewe na kuondoka baada ya nusu saa ameshakupunguzia umri wa kompresa.

Udhaifu mkubwa wa inveta ni kadi yake ya umeme. Volti mbaya, mijusi wanaojipenyeza, na chumvi ya bahari huiua, na bei ya kadi mpya inaweza kumeza akiba ya mwaka mzima. Waranti inayotaja kadi waziwazi, sio kompresa pekee, ina thamani kuliko punguzo la shilingi elfu hamsini. Kwa upande mwingine, inveta huanza kazi polepole bila kuvuta mkondo mkubwa, na kwa mwenye sola au jenereta ndogo hilo ni jambo zito.

*Kinamfaa nani.* Anayelala na kiyoyozi kila usiku katika chumba kinachofungwa vizuri, anayelipia LUKU (umeme wa kulipia kabla) yake mwenyewe, na aliye karibu na fundi anayeweza kuipima kadi badala ya kuitupa.

Kiyoyozi cha mtumba

*Umeme.* Hapa wastani hausaidii, kwa kuwa mtumba mmoja haufanani na mwingine. Inveta ya Ulaya yenye umri wa miaka mitano inaweza kuishinda ile mpya ya bei rahisi. Cha kasi moja cha miaka kumi na mitano, chenye mapezi (vibati vyembamba vya kutolea joto) yaliyolika, kinaweza kushuka hadi ufanisi wa 2.3 au chini. Kwa mfano wetu hiyo ni uniti 219 kwa mwezi, karibu shilingi 78,000.

Kuna mtego ambao haumo kwenye kibandiko cha bei. Umeme wetu ni volti 230 kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Saudi Arabia hutumia mizunguko 60, na Japani volti 100 au 200. Kompresa ya kasi moja iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita ikifungwa hapa, hivyo hupoza kidogo na inaweza kupata joto kupita kiasi. Mzigo kutoka Oman au Falme za Kiarabu hauna tatizo hilo, kwani nao ni mizunguko 50. Soma kibati kilichobandikwa ubavuni; maneno ya dalali hayatoshi.

*Fedha.* Bei ya kuanzia ndiyo ndogo kuliko zote, na hakuna waranti ya maana. Taasisi za mikopo kwa kawaida hazipendi kukopesha kwa ajili ya kifaa kilichotumika. Ghana iliona hasara ya jumla kuwa kubwa kiasi cha kupiga marufuku uingizaji wa viyoyozi vilivyotumika kwa kanuni ya mwaka 2008; anayefikiria kuagiza kontena aanze na maswali ya forodha na ya mamlaka ya mazingira.

*Gesi na matengenezo.* Ukikuta kimeandikwa R22, gesi ya zamani, fikiri mara mbili. Nchi zinazoendelea zimejifunga chini ya Itifaki ya Montreal kupunguza matumizi ya gesi za kundi hilo kwa asilimia 97.5 ifikapo 2030, na kinachobaki ni kwa ajili ya matengenezo tu hadi 2040. Kifaa kinachovuja gesi ambayo inaadimika ni mzigo wa kila mwaka.

*Kinamfaa nani.* Fundi mwenyewe, au mtu mwenye fundi wa kuaminika atakayekiwasha na kukipima kabla ya malipo. Na mwenye uhitaji wa muda mfupi, kama mpangaji wa mwaka mmoja anayejua atakiuza akihama.

Kusoma lebo bila kupotea

Bandarini na dukani lebo za nchi mbalimbali huchanganyika. Kenya ina kanuni za lebo za ufanisi tangu 2016, zinazosimamiwa sasa na EPRA, mdhibiti wa nishati na petroli wa nchi hiyo, na kwenye lebo yake nyota nyingi ni nzuri. Lebo ya China ni kinyume: daraja la 1 ndilo bora, na la 5 ndilo duni. Mtu aliyezoea nyota za Mombasa akiona namba 5 kwenye mashine iliyotoka moja kwa moja kiwandani China anaweza kununua kibaya kabisa akiamini ni bora. Lebo za Marekani na za baadhi ya nchi za Ghuba huandika EER kwa kipimo cha BTU kwa kila wati. Igawe kwa 3.412 kabla ya kulinganisha. EER ya 10 kwa kipimo hicho ni kama 2.9 tu kwa kipimo chetu.

Usipoona lebo yoyote, tafuta kwenye kibati kilowati za kupoza na kilowati za umeme, kisha gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ni hesabu ya nusu dakika kwenye simu.

Kuchagua kwa hali yako

Ukiwasha kiyoyozi kila usiku na kulipa umeme mwenyewe, hesabu inaelemea inveta, mradi tofauti ya bei isipandishwe na mkopo ghali. Ukikiwasha chini ya saa mbili kwa siku, au wikendi tu, inveta inaweza kuchakaa kabla haijarudisha tofauti yake. Cha kasi moja chenye EER ya 3 na kuendelea kinatosha.

Kwa nyumba ya kupanga suala si mashine tena, ni nani anafaidika. Mwenye nyumba hununua kiyoyozi na mpangaji hulipa LUKU, kwa hiyo mwenye nyumba hana sababu ya kugharimia ufanisi ambao hatauona mfukoni. Mpangaji wa mkataba wa miaka miwili au zaidi anaweza kupendekeza kuongezea tofauti ya bei na kupunguziwa kodi ya pango kidogo kidogo. Mapatano hayo yaandikwe ndani ya mkataba. Mwenye nyumba za wageni za Paje au Diani yuko upande wa pili kabisa, maana bili ni yake na rimoti iko kwa mgeni. Kwake inveta husaidia, lakini swichi inayokata umeme mgeni anapotoka na kadi yake ya mlango inaweza kusaidia zaidi.

Aliye ufukweni kabisa, ambako chumvi hula alumini, atenge fedha kwa mashine yenye mapezi yaliyopakwa kinga na kwa kuoshwa sehemu ya nje mara kwa mara, aina yoyote atakayochagua. Aliye mahali pa umeme usiotulia na mbali na fundi wa kadi, mathalani visiwa vidogo au wilaya za mbali na mji, ana sababu nzuri ya kubaki na kasi moja hata akijua kinakula zaidi.

Na mwenye kiyoyozi cha kasi moja ambacho bado kinapoza vizuri hana haraka. Kwa kukibadilisha leo hangelipa tofauti ya shilingi 300,000 tuliyoitumia juu, bali bei nzima ya inveta, na kwa akiba ya shilingi 24,000 kwa mwezi hiyo ni miaka kadhaa. Aoshe vichujio, azibe upenyo wa mlango na madirisha, apandishe rimoti hadi nyuzi 25 au 26 na kuongeza pangaboi, kisha aanze kuweka akiba ya inveta itakayofungwa siku kompresa ya sasa itakapogoma.